Ndama wa Tsavo na Watoto wa Jirani

Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1937, Karen Blixen anasimulia habari ya watoto wa Kikuyu waliosimama kando ya barabara ya Nairobi wakiwa na mtoto wa pongo, wakimwita yeye, mwenye gari, aje anunue. Asubuhi alipita bila kusimama. Jioni akawakuta palepale, mnyama bado wanaye, lakini siku ilikuwa imemchosha, akapita tena. Usiku akashtuka usingizini, akawaamsha watumishi waende wakamtafute. Mnyama akapatikana, akaitwa Lulu, akalelewa kwa chupa katika nyumba iliyo chini ya milima ya Ngong, na leo anajulikana na wasomaji wa lugha nyingi kuliko pongo mwingine yeyote aliyepata kuzaliwa Kenya.

Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kisa hicho kwa maneno yangu mwenyewe, na kila mara nilitaka wawatazame wale watoto wa barabarani kabla ya kumtazama bibi mwenye gari. Maana wao ndio walioanza. Wao ndio waliokaa na ndama kutwa nzima juani. Kwamba walitaka pesa si ajabu. Ng'ombe nao huuzwa na hakuna anayemwita mwenye ng'ombe mkatili. Historia ya kulea wanyama yatima katika nchi yetu iliandikwa na watu waliokuwa na magari, vyumba vya ziada na mashine za kupigia chapa. Watoto wa jirani wamo ndani yake tangu mwanzo, ila unapaswa kuwatafuta pembeni mwa picha.

Mimi ni mzaliwa wa Sagalla, mlima unaoutazama mji wa Voi kutoka kusini. Baba alikuwa mtu wa reli, nami nikawa mwalimu wa shule ya msingi hadi kustaafu, na kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo nilikuwa pia mlezi wa klabu ya wanyamapori. Ukisimama kwetu juu, Tsavo imetandaa mbele yako mpaka macho yachoke. Watalii hulipa kuiona. Sisi tulikuwa tukiiona tukienda kuchota maji.

Na sisi tulilea. Wavulana wa malishoni walikuwa wakikuta mayai ya kanga vichakani, wakayaleta nyumbani, yakawekwa chini ya kuku aliyekuwa akiatamia. Vifaranga walipoanguliwa walimfuata kuku yule bila swali, wakala naye, wakajificha chini ya mbawa zake. Kisha ikafika jioni moja wakaruka wote juu ya mti, na mama yao wa kambo akabaki chini akiwaita. Tulicheka sana. Mtoto wa digidigi alikuwa taabu zaidi. Tulimnyonyesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa kilicholowa, na mara nyingi aliharisha akafa. Aliyepona alilala jikoni na watoto, akajua jina lake, akawa na kiburi. Nyanya yangu alikuwa na sharti moja kwa wanyama wa namna hiyo: wakila mboga za jirani, wanarudi porini siku hiyohiyo au wanaingia chunguni. Hatukuona ubaya katika sharti hilo. Lilitufundisha tangu mapema kwamba mnyama wa porini anaazimwa tu. Leo, kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, kumweka digidigi yule jikoni bila kibali ni kosa la jinai, na yule mvulana wa malishoni angekuwa mshtakiwa.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza Tsavo kuwa hifadhi ya taifa, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Hesabu inayotajwa kwenye kila baraza la kisiasa kwetu ni kwamba asilimia 62 ya kaunti ya Taita-Taveta imo ndani ya mbuga, na mgombea asiyeitaja hawezi kupata kura. David Sheldrick akawa mkuu wa Tsavo Mashariki, makao yake Voi. Wazee walimwita Bwana Nyama, kama walivyowaita wazungu wote wa kazi ile. Mkewe Daphne, aliyezaliwa hukuhuku Kenya mwaka 1934, alikuja na binti aliyeitwa Jill, wa ndoa yake ya kwanza na Bill Woodley, mhifadhi mwenzake Sheldrick. Mwaka 1963 wakapata binti wa pili, Angela.

Nyumba hiyo ya Voi ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya kazi hii katika Afrika Mashariki, ingawa hakuna aliyeipa jina hilo. Walikuwemo ndovu wawili, Samson na Fatuma, kifaru aliyeitwa Rufus, swala pala aliyeitwa Bunty, nyati, nguchiro, na ndege. Mwaka 1966 Daphne alichapisha kitabu juu yao, na ndani yake Jill anaonekana mara kwa mara akiwa katikati ya wanyama kama mmoja wao. Hapo pana jambo linalostahili kuangaliwa vizuri. Mtoto hakuwekwa pembeni. Alikula nao, akacheza nao, akawazika waliokufa, na wengi walikufa. Mama yake alikuwa bado hajui kazi. Alikuwa akijifunza kwa kukosea, na binti akijifunza kando yake.

Katika miaka hiyohiyo watoto wengine wa Tsavo walikuwa wakijifunza jambo jingine. Wawaata, ambao jirani zao waliwaita Waliangulu au Wasanye, waliishi kwa kuwinda ndovu kwa upinde mrefu na mishale yenye sumu, na waliishi hivyo kabla Voi haijawa stesheni. Mnamo 1956 na 1957 Sheldrick na Woodley waliendesha msako mkubwa dhidi yao. Mamia walikamatwa, wakafungwa. Serikali ilijua kwamba haikuwaachia watu hao njia nyingine ya kuishi, maana mwaka 1960 ilianzisha mpango wa Galana wa kuwapa uwindaji halali nje ya mbuga, mpango ambao haukudumu. Sisemi kwamba ndovu hawakustahili kulindwa. Nasema kwamba palikuwa na nyumba ambamo ndama yatima alipewa chupa saa za usiku, na si mbali na hapo palikuwa na vibanda ambamo mtoto aliamka na kukuta baba yuko gerezani kwa ajili ya pembe. Vitabu vya wanyama yatima vinavyouzwa kwenye maduka ya uwanja wa ndege vina kurasa nyingi juu ya nyumba ya kwanza.

Turudi kwenye maziwa, kwa sababu bila maziwa hakuna historia yoyote ya kulea.

Ndovu aliyekwisha kufikisha miaka miwili na kuanza kula majani anaweza kuokolewa na mtu yeyote mwenye subira. Eleanor alikuwa wa umri huo alipopatikana Samburu mwaka 1961. Alikua, akaishi Tsavo, na akawa yeye mwenyewe mama mlezi wa ndovu wadogo walioletwa baada yake. Watu wa Voi wa rika langu wanamkumbuka kama wanavyomkumbuka mkuu wa stesheni. Tulipelekwa kumtazama tukiwa wanafunzi, katika lori la wazi, tukaambiwa tusipige kelele, tukapiga.

Ndama mchanga ni habari nyingine. Maziwa ya ng'ombe humwua. Mafuta yake hayamfai. Anaharisha, anakauka, macho yanazama, na baada ya siku kadhaa amekwisha. Daphne Sheldrick alipambana na jambo hilo kwa zaidi ya miaka 20. Alijaribu maziwa yaliyoondolewa mafuta, akajaribu krimu, akajaribu uji, ndama mmoja baada ya mwingine wakimfia mikononi. Jibu alilipata katika unga wa maziwa ya watoto wachanga wa binadamu, aina iliyochanganywa na mafuta ya nazi. Mtu wa pwani akisikia hivyo hutabasamu, kana kwamba alijua siku zote.

Ndama wa kwanza mchanga kabisa aliyeendelea vizuri kwa maziwa hayo aliitwa Aisha. Ilikuwa katika miaka ya 70. Alikua miezi sita, mnene, mchangamfu, akimfuata Daphne kila aendako, jikoni, uani, mpaka mlango wa chumba cha kulala. Kisha Jill akaolewa. Mama alilazimika kwenda Nairobi kwenye harusi ya bintiye, ndama akaachwa kwa mtunzaji mwingine. Aisha alikataa maziwa. Mama aliporudi alikuta mifupa, na ndama hakupona.

Katika miaka yangu ya kufundisha sijapata somo zito kuliko hilo juu ya watoto na wanyama, na nililitumia kila mwaka. Maziwa yalikuwa sahihi. Kilichomwua Aisha ni kupendwa na mtu mmoja tu. Tangu hapo kazi ilipangwa upya kabisa, na mpango huo ndio unaoendelea hadi leo katika kituo cha Nairobi, ambako Daphne alihamia baada ya kifo cha mumewe mwaka 1977 na ambako taasisi yenye jina la Sheldrick ina makao yake. Mtunzaji hulala bandani na ndama mchanga, juu ya kitanda cha mbao, lakini kesho yake hulala mwingine. Kila baada ya saa tatu chupa. Ndovu mchanga hunyonya akiwa ameegemeza mkonga kwenye tumbo la mama, kwa hiyo blanketi hutundikwa, naye akaegemea hapo, mtunzaji akishika chupa kwa nyuma. Mgongoni hufunikwa blanketi dhidi ya baridi, na masikio yake laini hupakwa dawa ya kukinga jua, kwa kuwa porini angekuwa kivulini mwa mama. Akipata nguvu, miaka michache baadaye, huhamishiwa Tsavo, Voi au Ithumba, au kwenye msitu wa Kibwezi, na huko huachwa aende zake polepole, pengine kwa miaka mingi, hadi achague mwenyewe kundi la porini. Zaidi ya ndovu 300 wamepitia njia hiyo.

Katika mpango huo mpya mtoto wa binadamu hakuwa na nafasi. Angepewaje? Mtoto humpenda mmoja, hupenda kwa pupa, na likizo ikiisha anarudi shuleni. Ndiyo maana anayekwenda kituoni siku hizi kwa ile saa moja ya wageni, kuanzia saa tano asubuhi, atasimama nyuma ya kamba. Ndama huja mbio kutoka porini, hunywa chupa zao, hugaagaa kwenye tope, na mtunzaji mwenye koti la kijani hueleza kwa kipaza sauti kila mmoja alitoka wapi.  Kisha unakwenda zako. Wazazi wengine hulalamika kwamba mtoto hakupata picha akimkumbatia ndama. Mimi nawaambia waishukuru kamba.

Kabla ya kamba palikuwa na ndoto, na ndoto hiyo ilitoka Isiolo. Mwaka 1956 George Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, akagundua kwamba ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alibaki na Joy, mkewe George, akafundishwa kuwinda, akarudishwa porini, akafa Januari 1961. Kitabu cha Joy juu ya Elsa kikatoka 1960, sinema yake 1966, na tangu hapo kila mtoto wa Ulaya na Marekani alitaka simba. Si kazi yangu kuwahukumu marehemu. Lakini sinema ile iliwaonyesha watoto sehemu ya kukumbatiana na kuwapitisha haraka kwenye sehemu ya kufundisha kuua, ambayo ndiyo iliyomfanya Elsa kuwa simba.

Watoto wa Kenya waliingia kwa mlango mwingine, nao waliufungua wenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru kituo cha wanyama yatima kilifunguliwa langoni mwa mbuga ya Nairobi, na mabasi ya shule yakaanza kumiminika. Kule Entebbe, Uganda, kituo cha namna hiyo kilikuwapo tangu 1952. Hata hivyo kumtazama chui nyuma ya waya si kulea. Mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya waliunda Klabu za Wanyamapori, jambo lililokuwa geni Afrika nzima, na Tanzania ikafuata mwaka 1980 kwa klabu za Malihai. Klabu zetu zilikuwa na gazeti lililoitwa Komba, na ukilipata wakati huo lilikuwa limeshasomwa na shule tatu kabla yako, jalada limechanika.

Tulifanya nini katika klabu? Watu hudhani tulibeba chupa za maziwa. Tulipanda miti ikakauka, tukaimwagilia mingine. Tulitengeneza orodha ya ndege wa uwanja wa shule. Tulijadiliana kwa ukali kuhusu ndovu waliokanyaga mahindi na pojo za wazazi wetu, na nililazimika kuwaacha watoto waseme mambo ambayo afisa elimu asingependa kuyasikia. Mtoto mmoja aliyelala na njaa kwa sababu ya ndovu ana haki ya kuuliza kwa nini klabu inamchangia ndovu. Nilijibu kwa kadiri nilivyoweza. Siku hizi pale Sagalla wakulima wengi wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, waya ukiunganisha mzinga na mzinga. Ndovu akiugusa, nyuki hutoka, naye hukimbia. Laiti ningekuwa na jibu hilo wakati ule.

Na wakati ule ndama yatima walikuwa wengi mno. Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000. Kufikia 1989 walikuwa chini ya 20,000. Katikati palikuwa na ukame wa 1970 na 1971, ambao Tsavo peke yake uliua maelfu, wengi wakiwa majike na watoto wao, kisha bunduki zikaja kumaliza kilichobaki. Kwa kila jike mwenye ndama aliyeanguka, hesabu ilikuwa vifo viwili, kwa kuwa ndama wa mwaka mmoja hatembei mbali na maiti ya mama yake. Hao walioletwa bandani walikuwa sehemu ndogo sana.

Desemba 1982 Michael Werikhe, kijana wa Mombasa aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuunganisha magari, alitembea kwa miguu kutoka Mombasa hadi Nairobi kuchangisha pesa za vifaru, chatu akiwa naye. Barabara hiyo inapita Voi. Shule zilikuwa zimefungwa, na watoto walitoka vijijini kumlaki bila kuitwa na mwalimu yeyote. Pengine walikuja kwa ajili ya chatu. Lakini alisimama njiani, akazungumza nao, na baada ya likizo nilisikia darasani maneno juu ya vifaru ambayo mimi sikuyafundisha.

Kisha taasisi ya Sheldrick ikaleta jambo la kulea kwa mbali. Mtu alipe dola 50 kwa mwaka, achague ndama mmoja, apewe cheti chenye jina lake na jina la ndama, na kila mwezi apate habari zake pamoja na picha ya rangi za maji inayochorwa na Angela, yuleyule binti mdogo wa Voi. Ni mpango uliofaulu, na pesa hizo ndizo zinazonunua maziwa na kulipa mishahara ya watunzaji. Mtoto wa Manchester akitimiza miaka minane anazawadiwa ndama badala ya baiskeli. Anajua alipatikana kisimani au kando ya mama aliyeuawa, anajua rafiki zake ni nani bandani, na siku anapohamishwa kwenda Ithumba, mtoto huyo hulia.

Sina ugomvi naye. Nina neno na hesabu. Dola 50 ni zaidi ya shilingi 6,000 za Kenya, na pesa hizo kwa mzazi wa Sagalla ni sare, viatu na madaftari. Ikawa basi kwamba mtoto aliye mbali kwa maelfu ya kilomita ndiye mlezi aliyesajiliwa, na mtoto anayeisikia sauti ya ndovu usiku akiwa kitandani ndiye jirani asiye na cheti. Taasisi zenyewe zililiona jambo hilo. Zimekuwa zikiwapeleka wanafunzi wa vijiji vinavyopakana na Tsavo ndani ya mbuga kwa mabasi, na nimepanda mabasi hayo. Utashangaa ni watoto wangapi walioishi maisha yao yote kando ya mbuga bila kumwona ndovu mchana, akiwa ametulia, akila majani na si mahindi yao. Walikuwa wakimjua kama mlio gizani na nyayo asubuhi. Mvulana mmoja aliniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama wale wa mchana ni ndovu walewale.

Kuna mwaka ambao mtoto wa mbali na mnyama wa karibu walikutana kwa njia isiyo ya kawaida. Mwishoni mwa 2004 mafuriko ya mto Sabaki yalisukuma viboko hadi baharini karibu na Malindi, kisha tarehe 26 Desemba mawimbi ya tsunami yakaja, na kiboko mmoja mdogo akabaki peke yake juu ya mwamba. Wavuvi, wenyeji na wageni walihangaika kutwa na nyavu hadi akakamatwa. Alipewa jina la Owen, jina la mmoja wa waokoaji, akapelekwa Haller Park kule Bamburi, Mombasa, kwenye machimbo ya zamani ya simenti ambayo René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971. Aliposhushwa garini alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, jina lake Mzee, akalala ubavuni pake. Kobe alijaribu kuondoka, kiboko akamfuata. Baada ya siku kadhaa kobe akazoea, wakawa wanakula pamoja na kuogelea pamoja.

Picha iliyopigwa na Peter Greste ilizunguka dunia. Marekani, msichana wa miaka sita, Isabella Hatkoff, aliiona akamwomba baba yake waandike kitabu. Walikiandika pamoja na Paula Kahumbu, aliyekuwa akiisimamia Haller Park, kikatoka 2006. Nilikuwa nacho darasani hadi kikaachana na gamba lake. Kilichowashangaza wanafunzi wangu ni kwamba mtoto wa umri wa darasa la kwanza ana jina kwenye jalada. Urafiki wa kobe na kiboko waliupokea kama jambo la kawaida, kwani walikwisha kuona kuku na kanga. Kuanzia hapo nilikuwa na waandishi wanane au tisa kila darasa, na visa vya tumbili, kenge na fisi ambavyo sikuvisahihisha tahajia kwa kuogopa kuvizima.

Hata Owen hakuachwa akue na kobe moja kwa moja. Kiboko mzima angemwumiza, na watunzaji waliona hivyo mapema. Aliletewa kiboko jike aitwaye Cleo, wakawekwa pamoja, na Mzee akatengwa. Watoto hawakupenda mwisho huo. Nilisisitiza tuusome mara mbili.

Ndama wa leo si wale wa bunduki za miaka ya 80. Ukame wa juzi ndio uliokuwa mkali: wizara iliripoti Novemba 2022 kwamba ndovu 205 walikuwa wamekufa nchini tangu Februari mwaka huo. Kaskazini, Samburu, wafugaji huchimba visima virefu kwa mikono kwenye mchanga wa mito iliyokauka, wakiteka maji kwa kupokezana ndoo na kuimba, na usiku ndovu huja kunywa. Ndama huteleza, akaanguka, kundi likashindwa kumtoa, likaondoka kabla ya alfajiri. Anayemkuta asubuhi huwa ni mchungaji. Zamani ndama wa namna hiyo alisafirishwa hadi Nairobi au Tsavo, na akipona alikuwa ndovu wa kwingine.

Mwaka 2016 jamii ya Namunyak ilifungua kituo chake yenyewe, Reteti, chini ya milima ya Lenkiyio, kituo cha kwanza cha ndovu yatima barani Afrika kumilikiwa na wanajamii wenyewe. Watunzaji ni Wasamburu, wanawake wakiwemo tangu mwanzo, kazi ambayo hapo awali ilikuwa ya wanaume tu. Ndama aliyeanguka kisimani kwanza hushikwa karibu na hapo kwa muda, ikiwezekana arudi kwa mama yake. Ikishindikana ndipo anapoingia bandani. Na akikua anarudi kwenye kundi lilelile la nchi ileile.

Mwanzoni walitumia unga wa maziwa ulioagizwa nje, kwa ghali. Wakati wa janga la korona, unga ulipokuwa mgumu kupatikana, walijaribu maziwa ya mbuzi yaliyoongezewa virutubisho, na ndama wakayapokea vizuri. Wanawake wa vijiji vya karibu sasa huleta maziwa kituoni, yakapimwa, yakachemshwa, wakalipwa kwa simu. Daphne Sheldrick alifariki Aprili 2018, kwa hiyo hakuyaona. Ningependa kujua angesema nini juu ya mbuzi, yeye aliyezunguka miaka yote ile akitafuta mafuta ya kufaa.

Mbuzi hao hawachungwi na watunzaji wa kituo. Kama ilivyo kawaida ya wafugaji wa kaskazini, hutoka alfajiri na watoto, na wakiwa mbali na majani mazuri jioni maziwa hupungua. Shule zikiwa zimefunguliwa, kazi hiyo huachiwa wadogo wasioanza darasa la kwanza, na wakubwa huichukua Jumamosi.